Nani Anasema Katika Habari Tunazosoma?

Akina mama wenzangu, kazi yangu ni uuguzi. Nimeifanya hapa Unguja kwa zaidi ya miaka ishirini, na siku za Jumapili nasaidia katika kanisa letu hapa mjini. Sikusomea uandishi wa habari. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya magazeti, redio na televisheni, kwa sababu niliona kwa macho yangu jinsi habari moja fupi ya gazetini ilivyokaribia kumkosesha mtoto dawa.

Miaka michache iliyopita mama mmoja alimleta mtoto wake hospitalini. Mtoto alikuwa amedhalilishwa na mtu mzima. Mama yule alifanya kila jambo jinsi linavyotakiwa. Hakumwogesha mtoto, hakuzifua nguo zake, wala hakusikiliza ushauri wa jamaa waliotaka mambo yamalizwe kimyakimya nyumbani. Alifika mapema. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita tangu tendo, kisha zinywewe kila siku kwa siku 28. Tulimwanzishia mtoto dawa hizo, tukampa za siku za mwanzo, tukampangia siku ya kurudi.

Kabla siku hiyo haijafika, gazeti moja liliandika habari ile. Jina la mtoto halikutajwa, na bila shaka mwandishi alidhani kwamba ametimiza wajibu wake. Lakini alitaja shehia wanayokaa, darasa analosoma mtoto, na kazi anayofanya mama yake. Kwa wasomaji wetu wa bara, shehia ni eneo dogo linalosimamiwa na sheha, ambapo watu hujuana kwa majina na kwa nyumba. Katika shehia ile mama mwenye kazi ile alikuwa mmoja tu. Kabla ya adhuhuri kila aliyekaa barazani alikwisha jua.

Siku ya kurudi kliniki mama hakutokea. Nilipompigia simu alinijibu kwa sauti ya chini, “Dada nesi, nitapita njia gani? Watu wote wananitazama mimi.” Alikuwa amemchukua mtoto wake, amekwenda naye shamba kwa bibi yake. Dawa alizokuwa nazo zilibaki za siku mbili.

Nitawaeleza mwisho wake baadaye. Kwanza nataka mjue swali lililonikaa moyoni tangu siku ile. Katika habari ile yenye mistari michache, aliyesema ni ofisa mmoja tu. Mama hakuulizwa neno. Muuguzi hakuulizwa, wala mtu wa ustawi wa jamii. Lakini aliyeumia kwa habari ile ni yule ambaye hakusema chochote. Je, hivi ndivyo habari zinavyotakiwa kuwa?

Habari nazo hupimwa

Nilipata pa kuanzia kwa binti wa mwanakwaya mwenzangu. Binti huyu anasomea uandishi wa habari, na Jumapili moja baada ya ibada alinifuata akiwa amebeba magazeti aliyoyafunga kwa kamba.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Magazeti yote hayo ni ya kufungia nini?”

Alicheka. Akaniambia kwamba si ya kufungia kitu, ni kazi ya darasani. Alitakiwa kusoma kila habari, kisha aandike nani ametajwa, nani amenukuliwa, na habari imetoka kwa nani. Akaniomba nimsaidie kuhesabu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna watu wazima, wasomi wa vyuo vikuu, ambao kazi yao ni kuzichunguza habari kama sisi tunavyochunguza damu katika maabara. Hawauulizi moyo wao kama gazeti hili ni zuri au baya. Wanahesabu. Wanalinganisha gazeti na gazeti, mwaka na mwaka. Wengine hufungua magazeti ya zamani katika nyumba za nyaraka na kutazama yalifanya nini kwa watu wa wakati ule.

Sisi wauguzi tunalielewa jambo hili kwa urahisi. Wodini tuna daftari. Kila mama anayejifungua huandikwa, na kila mtoto anayezaliwa huandikwa. Bila daftari, mtu anaweza kusema “mwezi huu wazazi wengi wametokwa damu sana”, kumbe ni kwa sababu wawili walikuja katika zamu yake naye akashtuka. Daftari ndilo linalotusahihisha.

Nitatoa mfano ulionisahihisha mimi mwenyewe. Kwa miaka mingi niliamini kwamba udhalilishaji wa watoto ni jambo la watoto wa kike peke yao, kwa sababu hizo ndizo habari nilizokuwa nikizisikia. Kisha ukafanywa utafiti wa nchi nzima mwaka 2009, matokeo yake yakatolewa mwaka 2011. Kwa upande wa Zanzibar, vijana walioulizwa walieleza yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Kati ya wanawake, karibu 6 katika kila 100 walikuwa wametendewa ukatili wa kingono. Kati ya wanaume, walikuwa karibu 9 katika kila 100. Nilisoma mara mbili. Watoto wangu wa kiume nilikuwa nimewaachia kwenda popote.

Basi habari tunazozisikia zinaweza kutuonyesha upande mmoja wa nyumba na kutuficha upande wa pili. Nimejifunza kuuliza maswali matatu kila ninaposoma gazeti au kusikiliza redio. Hebu tuyatazame moja moja.

Swali la kwanza: nani amesema?

Mwaka 1994 wanawake wa nchi mbalimbali walikutana Bangkok, Thailand, kuzungumza juu ya wanawake na mawasiliano. Miongoni mwa walioandaa mkutano ule ni Chama cha Dunia cha Mawasiliano ya Kikristo, kinachojulikana kwa herufi WACC. Pale likazaliwa wazo jepesi: kwa nini tusichague siku moja, na watu wa nchi nyingi wasome magazeti ya siku hiyo na kusikiliza taarifa za habari za siku hiyo, kisha wahesabu wanawake wangapi wamo?

Siku hiyo ilikuwa tarehe 18 Januari 1995. Nchi 71 zilishiriki. Matokeo yalipelekwa Beijing mwaka uleule, katika ule mkutano mkubwa wa wanawake ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, Mama Gertrude Mongella. Na matokeo yalikuwa haya: kati ya kila watu 100 waliotajwa au kusikika katika habari, wanawake walikuwa 17 tu.

Tangu hapo hesabu hiyo imekuwa ikirudiwa kila baada ya miaka mitano chini ya uongozi wa WACC. Mwaka 2000 wanawake walikuwa 18 katika kila 100. Mwaka 2005 walikuwa 21. Mwaka 2010 walifika 24, na mwaka 2015 wakabaki palepale, 24. Mwaka 2020, ambapo nchi zilizoshiriki zilikuwa 116, walifika 25. Yaani robo tu, baada ya robo karne nzima! Waliofanya hesabu ile walisema kwamba kwa mwendo huo itachukua miaka mingine 67 hivi kabla ya pengo kuzibika. Wajukuu zetu watakuwa wazee.

Lililonigusa zaidi kama muuguzi ni jambo jingine la mwaka 2020. Ulikuwa mwaka wa UVIKO. Sote tunakumbuka ni nani waliokuwa wodini usiku na mchana wakiwahudumia wagonjwa. Lakini katika habari za ugonjwa ule, wataalamu wa afya wanawake waliopewa nafasi ya kueleza walikuwa 27 tu katika kila 100, ingawa katika kazi yenyewe ulimwenguni idadi yao ilihesabiwa kuwa 46 katika kila 100. Mikono ilikuwa ya wanawake, sauti ikawa ya wengine.

Sisemi kwamba mwanaume hawezi kueleza vizuri. Nasema kwamba anayeulizwa ndiye anayeamua habari itakuwa juu ya nini. Ukimwuliza mkubwa wa ofisi juu ya vifo vya wazazi, atakueleza juu ya bajeti na mipango. Ukimwuliza mkunga wa Makunduchi, atakueleza juu ya gari la kumpeleka mgonjwa mjini usiku. Yote mawili ni kweli, lakini msomaji aliyepewa moja tu amepewa nusu.

Huku kwetu pia wasomi wamelitazama jambo hili. Shule ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imechapisha vitabu vya kupima ubora wa habari za Tanzania, kazi iliyoongozwa na Christoph Spurk na Abdallah Katunzi. Walisoma habari nyingi za magazeti na redio, wakatazama kila moja imetegemea watu wangapi, imetoa maelezo ya nyuma kiasi gani, na imesikiliza pande zipi. Waliona kwamba habari nyingi husimama juu ya chanzo kimoja tu, na kwamba nyingi huanzia kwenye hotuba au mkutano wa wakubwa badala ya kuanzia kwenye maisha ya watu.

Kigoda chenye mguu mmoja hakikaliki. Kitabu cha Mithali nacho kinatuonya tusimpe haki yule anayetangulia kusema mpaka tumemsikia na mwenzake (18:17). Habari ile ya mtoto wetu ilikuwa na mguu mmoja.

Swali la pili: nani hakusikika?

Wageni wengi wanapofika Mji Mkongwe hupelekwa Mkunazini kutazama Kanisa Kuu la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Wachache hujua kwamba hapa Unguja ndipo lilipoanzia pia mojawapo ya magazeti ya kwanza ya Kiswahili. Mwaka 1888, katika shule ya Kiungani nje kidogo ya mji, misheni ya UMCA ilianza kuchapa jarida lililoitwa Msimulizi. Lilikusanya habari za vituo vya misheni: nani amewasili, nani amefariki, shule inaendeleaje. Martin Sturmer, aliyeandika kitabu cha historia ya vyombo vya habari vya Tanzania kilichotolewa na wamisionari wa Ndanda mwaka 1998, amelipa jarida hilo nafasi yake mwanzoni mwa safari hiyo ndefu.

Naona fahari ninapolikumbuka. Lakini baada ya kujifunza kuuliza, nimeona na jambo jingine. Kiungani ilikuwa shule ya wavulana. Wasichana waliokombolewa utumwani walikuwa Mbweni, kusini zaidi kando ya bahari, ambako magofu ya shule yao yapo mpaka leo. Mtambo wa kuchapia ulikuwa Kiungani. Kwa hiyo tukitaka kujua jinsi wasichana wa Mbweni walivyoyaona mambo ya wakati wao, inatubidi tuwasikie zaidi kwa midomo ya wengine.

Wanawake wa Unguja hata hivyo hawakukaa kimya. Pale ambapo hawakuwa na gazeti, waliimba. Siti binti Saad alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika familia maskini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikasikika pwani nzima. Mtafiti Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya maisha ya mji wa Zanzibar, ameonyesha kwamba nyimbo za Siti zilikuwa pia habari za mji. Zilisimulia kesi za mahakamani, wizi wa wakubwa, na dhuluma walizotendewa wanawake. Mmoja ni ule unaojulikana kwa jina la Kijiti. Unahusu mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam akauawa hapa Unguja. Aliyemwua alitoroka, na wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio walioadhibiwa.

Tafakari hilo, mpenzi msomaji. Karibu miaka mia moja iliyopita, mwanamke ameuawa, wanawake wenzake wametiwa hatiani, na anayeeleza habari kwa upande wao ni mwimbaji. Ndiyo maana waandishi wa habari wanawake walipounda chama chao cha TAMWA mwaka 1987, miongoni mwa waanzilishi akiwamo Fatma Alloo, jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Walijua deni walilokuwa nalo kwa binti huyo wa Fumba.

Nasi Wakristo tunalo la kukumbuka hapa. Habari ya kaburi lililo wazi ililetwa na wanawake, na Mtakatifu Luka hakuficha kwamba mitume waliiona kuwa maneno ya upuuzi (24:11). Kutosikilizwa kwa wanawake wenye habari ya kweli si jambo la jana.

Swali la tatu: nani ameanikwa?

Kuna wasiosikika, na kuna wanaotajwa mno. Hili ndilo swali linaloniuma, kwa sababu ya yule mtoto.

Wazee wetu wa Unguja wanaijua miaka inayoitwa zama za siasa. Katika miaka ya 1950 vyama vilishindana vikali, na kila upande ulikuwa na magazeti yake. Mwanahistoria Jonathon Glassman aliyasoma magazeti ya miaka ile, kama Mwongozi na Afrika Kwetu, pamoja na nyaraka nyingine. Kitabu chake kilitoka mwaka 2011, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Vita vya Maneno, Vita vya Mawe. Anaonyesha jinsi waandishi wa pande zote walivyozoea kuwataja majirani zao kwa asili yao, na kuwafanya watu wa asili fulani waonekane wote ni wezi, au wote ni wageni, au wote ni washenzi. Jirani aliyeuza nazi hakuwa tena jirani, alikuwa jina la kabila. Mwezi wa Juni 1961, wakati wa uchaguzi, ghasia zilizuka na watu 68 walikufa, wengi wao mashamba.

Gazeti halikushika panga. Lakini mtu akisoma kila wiki kwamba mwenzake si mtu kamili, siku ya hasira mkono wake huwa mwepesi. Kwa hiyo kila ninaposoma leo habari inayotaja dini au asili ya mshtakiwa bila sababu, nauliza: kingepungua nini kama neno hilo lingeachwa?

Swali hilohilo ndilo la kuuliza juu ya mtoto aliyeumizwa. Maadili ya waandishi wa habari yako wazi, na shirika la UNICEF nalo limetoa mwongozo: mtoto aliyedhalilishwa asitambulishwe, kwa jina wala kwa picha. Wengi hufuata neno hilo, wakalisahau kusudi lake. Hufuta jina, wakaacha shehia, shule, kazi ya mama, na rangi ya mlango wa nyumba. Katika mji mkubwa kama Dar es Salaam pengine hilo lingepita. Katika kisiwa ambacho dereva wa daladala anamjua babu yako, kumtaja mama ni kumtaja mtoto.

Tusiwahukumu bila kuwasikiliza

Nilipomweleza yule binti hasira zangu, alinisikiliza kwa heshima, kisha akanijibu. Aliniambia kwamba waandishi wengi wa nchi yetu hawana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa kila habari inayotoka, na malipo yenyewe ni madogo. Mwenye kulipwa hivyo hawezi kutumia siku tatu kutafuta watu wanne wa kuzungumza nao juu ya habari moja. Nauli ya kwenda Nungwi hutoka mfukoni mwake. Mwandalizi wa semina akimpa posho, ataandika semina.

Kuna na hofu. Wakubwa wa magazeti wanakumbuka gazeti la Dira, lililoanza mwaka 2002 hapa Zanzibar na kufungiwa na serikali mwaka 2003. Mhariri aliyeona mwenzake akifungiwa hujifunza kupima maneno, na mara nyingine hujifunza kunyamaza.

Nilitulia. Hata sisi wodini, muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa arobaini, kosa likitokea si halali kumtazama yeye peke yake. Lakini pia si halali kusema kosa halipo. Tunaandika, tunahesabu, tunakaa pamoja na kuuliza nini kifanyike ili lisirudi. Nadhani watafiti wa habari wanawafanyia waandishi kazi hiyohiyo.

Tulivyohesabu sisi

Baada ya kumsaidia binti yule, niliwaeleza akina mama wa umoja wetu kanisani. Tukakubaliana kujaribu kwa wiki moja. Kila mmoja alichukua gazeti moja, au taarifa moja ya habari ya redio, na kipande cha karatasi chenye safu tatu: waliosema, wasiosikika, walioanikwa. Tulichora vijiti, vitano vitano, kama tunavyohesabu mifuko ya unga wakati wa kugawa misaada. Jirani zangu wawili Waislamu walituona barazani wakaomba na wao kalamu.

Hesabu yetu ilikuwa ndogo mno kuitwa utafiti. Lakini ilitufungua macho. Mmoja wetu alileta habari ndefu juu ya lishe ya watoto ambayo haikuwa na mama hata mmoja ndani yake. Mwingine alileta habari ya wakulima wa mwani, kazi ambayo hapa Unguja hufanywa zaidi na wanawake, na aliyeieleza ni bwana aliyefungua warsha. Tulicheka, kisha tukanyamaza. Na mama mmoja mzee akasema, “Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikisoma habari za kwetu bila kutukuta.”

Tulikuta na habari nzuri pia, tusidanganyane. Moja ilihusu maji, na mwandishi alikuwa amezungumza na mwenye mamlaka, mwalimu, na mama aliyekuwa foleni na ndoo. Tukamwandikia mhariri barua ya kumshukuru. Sijui kama alizoea kupata barua kama hizo.

Mambo unayoweza kufanya nyumbani

1. Soma habari moja kwa siku pamoja na watoto wako, hata kama ni ya kwenye simu. Waulize: nani amesema? Nani hakusikika? Nani ameanikwa? Watoto hujifunza upesi kuliko sisi.

2. Habari inayokushtua, itafutie chanzo cha pili kabla ya kumpelekea mwenzio. Hasa habari za dawa, magonjwa na watoto waliopotea.

3. Ukiulizwa na mwandishi juu ya kazi unayoijua, usikimbie kwa kusema “muulize bwana mkubwa”. Kama taratibu za kazi yako zinataka ruhusa, iombe. Sisi wanawake wakati mwingine tunainyima habari sauti yetu wenyewe.

4. Likimpata mtoto jambo baya katika mtaa wako, usimtaje na usieleze nyumba yake. Mdomo wako nao ni chombo cha habari.

5. Gazeti likikosea, mwandikie mhariri kwa adabu, ukitaja tarehe na kosa. Lisiposahihisha, Baraza la Habari Tanzania lipo kwa ajili ya kusikiliza malalamiko kama hayo. Na likifanya vizuri, mshukuru.

6. Kama una binti au mvulana anayependa kuandika, usimwambie kwamba hiyo si kazi. Mwambie aisome vizuri.

Mwisho wa yule mtoto

Niliahidi kuwaeleza. Siku ile ya simu niliomba ruhusa kazini, nikapewa dawa zilizobaki, nikapanda gari la shamba. Sikuvaa sare. Nilibeba kikapu cha mboga kama mtu anayekwenda kuamkia jamaa. Bibi wa mtoto alinipokea, akanikalisha, akanipa chai. Hakuna jirani aliyeuliza mimi ni nani. Nilikwenda tena, na tena, mpaka zile siku 28 zikatimia. Vipimo vya baadaye vilikuwa salama.

Kesi haikufika mbali. Mama hakuweza tena kusimama mbele ya watu wa shehia ile, na bila yeye hapakuwa na shahidi. Kwa hiyo yule aliyefanya tendo lile alikwenda zake. Habari ile ya gazetini, ambayo pengine iliandikwa kwa nia ya kumlaani, ndiyo iliyomwokoa.

Mpenzi msomaji, nimekusimulia mambo ya mtoto huyu tangu mwanzo hadi mwisho. Hukujua kama ni mvulana au msichana. Hukujua ana miaka mingapi, anakaa wapi, wala mama yake anafanya kazi gani. Vitu vidogo vingine nimevibadilisha. Je, umepungukiwa na nini? Umeelewa kilichotokea, umeelewa aliyeumia na kwa nini. Hivyo ndivyo habari ile ingeweza kuandikwa siku ile.